Alexa si spika

"Kati ya Alexa na HomePod, ninunue ipi?" Swali hili linaulizwa kila mahali siku hizi, na kinachonikera zaidi ya swali ni kwamba wanaojibu hujibu bila hata kusita: Alexa ina hiki, HomePod ina kile, chukua hii, achana na ile. Lakini swali lenyewe limepinda. Ni sawasawa na kuuliza kati ya Airtel na Tecno ununue ipi. Moja ni mtandao, nyingine ni simu.

Tumalize maana haraka. Msaidizi wa sauti ni programu inayopokea maneno yako, ikajaribu kuelewa unachotaka, kisha ikajibu kwa sauti au ikafanya jambo: kuweka alamu, kuzima taa, kucheza wimbo. Alexa ya Amazon ni msaidizi, Siri ya Apple ni msaidizi, Google Assistant vilevile. Spika janja ni chombo: spika, maiki kadhaa, prosesa ndogo na Wi-Fi ndani ya kasha moja, kilichotengenezwa ili msaidizi apate pa kusikilizia na pa kusemea. Echo ya Amazon, HomePod ya Apple na Nest Mini ya Google ni spika. Basi, hiyo ndiyo maana.

Kuchanganya huku kuna chanzo, na chanzo ni Amazon. Novemba 2014 walitangaza Echo na Alexa kwa pamoja, kitu kimoja mkononi mwa mnunuzi. Kwenye boksi imeandikwa Echo, lakini ukifika nyumbani unachoita kutwa nzima ni "Alexa". Jina la kwenye boksi mtu hulisoma mara moja, lile jingine watoto wanalitamka hadi wageni wanalijua. Amazon waliwahi kueleza kwamba walilichagua kwa kuwa na x ndani, herufi ambayo mashine inaitambua kwa urahisi katikati ya kelele za watu, na kwamba linakumbusha maktaba ya kale ya Alexandria. Kwa maneno mengine, ni jina lililotengenezwa ili liitwe. Si ajabu limemeza jina la chombo. Na kichekesho ni kwamba kwenye mipangilio unaweza kubadilisha neno la kuamshia ukawa unaiita "Echo", ila sijaona mtu aliyejisumbua.

Siri haina tatizo hili kwa kiwango hicho, kwa sababu ilianzia kwenye simu. Ilitoka mwaka 2010 kama programu ya iPhone, Apple wakainunua mwaka huohuo, na Oktoba 2011 wakaizindua ndani ya iPhone 4S. HomePod haikuingia sokoni hadi Februari 2018. Miaka yote hiyo Siri ilikuwa inaulizwa habari za mvua bila kuwa na spika hata moja ya mezani. Msaidizi hahitaji spika janja. Anaweza kukaa kwenye simu, kwenye televisheni, kwenye gari au kwenye saa ya mkononi.

Na spika inaweza kuishi bila msaidizi. Kama kuna mtu bado anabisha, mpeni kisa cha Invoke. Mwaka 2017 kampuni ya Harman Kardon ilitoa spika janja ya jina hilo, na aliyekuwa ndani yake ni Cortana, msaidizi wa Microsoft. Mwaka 2021 Microsoft wakamwondoa Cortana humo. Wenye spika hizo hawakuibiwa kitu chochote mezani. Kasha lilikuwa lilelile, muziki ulitoka vilevile, lakini baada ya sasisho la programu kilichobaki ni spika ya Bluetooth ya kawaida, isiyojibu salamu. Msaidizi alikufa, spika ikabaki.

Upande mwingine kuna Sonos One, ya mwaka 2017 pia. Ilianza na Alexa, na mwaka 2019 ikaongezewa Google Assistant, mwenyewe unachagua nani ajibu. Hiyo ni kama simu isiyofungwa mtandao. Echo na HomePod ni zile zilizofungwa: kwenye Echo utampata Alexa, kwenye HomePod utampata Siri, huna la kufanya. Kwa hiyo anayelinganisha ana maswali mawili mkononi. La spika ni masikio yako: besi ikoje, sauti inajaza sebule au inaishia mezani, maiki zinakusikia feni ikiwa inazunguka? La msaidizi ni mengine kabisa: anajua lugha gani, anaelewana na taa na televisheni ulizonazo, anachukua muziki kutoka huduma gani? Spika nzuri yenye msaidizi asiyekufaa ipo, na kinyume chake pia kipo.

Hapa ndipo lawama nyingi zinapoenda kwa asiyehusika. Mtu analeta spika kutoka Dubai, anaiuliza kwa Kiswahili, inakaa kimya au inajibu Kiingereza cha kubahatisha, basi anatangaza kwamba "spika hii haijui Kiswahili". Spika imefanya kazi yake: imesikia neno la kuamshia, taa ya buluu imezunguka, sauti imetumwa kwa intaneti hadi kwenye seva za kampuni. Asiyejua Kiswahili ni msaidizi aliyeko huko. Alexa na Siri hadi sasa hazina Kiswahili katika orodha ya lugha zao, na kununua spika ya bei mara tatu hakutabadilisha hilo. Wala usidanganywe na kuandika kwa sauti kwenye simu. Google waliongeza Kiswahili cha Kenya na Tanzania kwenye huduma hiyo mwaka 2017, lakini kugeuza sauti kuwa maandishi ni hatua ya kwanza tu. Kumwelewa mtu anayesema "nizimie taa ya uani" na kuizima ni kazi nyingine.

Tena kuna zile spika za Bluetooth zenye taa za rangi, ambazo boksi lake limeandikwa kwamba zina msaidizi wa sauti. Muuzaji hakudanganyi sana, ila hajakwambia yote. Mara nyingi kilichopo ni maiki na kitufe: ukikibonyeza, kinaamsha msaidizi aliye kwenye simu yako. Zima simu, kisha bonyeza tena. Hakuna atakayekujibu, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kukaa humo.

Hata hofu ya kusikilizwa nyumbani inataka kutenganishwa namna hii. Neno la kuamshia husikilizwa na chombo chenyewe, hapo mezani, na kwenye spika nyingi kitufe cha kuzima maiki kiko kwenye chombo hichohicho. Kwenye Echo taa nyekundu huwaka kukuonyesha kwamba maiki zimezimwa. Lakini ulichokwisha kukisema baada ya kuita kiko kwa mwenye msaidizi, na sheria anaziweka yeye. Machi 2025 Amazon waliondoa hiari iliyokuwepo Marekani, ambayo baadhi ya Echo ziliweza kushughulikia sauti humohumo ndani bila kutuma rekodi nje. Hakuna aliyeigusa spika ya mtu, ila utaratibu ulibadilika.

Kwa hiyo ukiona tangazo la mtu anayesema "nauza Alexa yangu, haina mkwaruzo", mwambie kwa upole kwamba anachouza ni Echo. Alexa bado anayo, kwenye akaunti yake, pamoja na rekodi zake na orodha yake ya manunuzi. Akumbuke tu kuiondoa spika kwenye akaunti hiyo kabla hajamkabidhi mteja.