Chapa ya meno: kazi ya fundi asiyekuona mdomo

Ukienda kuwekewa kofia ya jino, yaani kifuniko kigumu kinachovikwa juu ya jino lililosagwa, anayeitengeneza mara nyingi si yule daktari aliyekulaza kwenye kiti. Ni fundi wa maabara, na huenda msionane maisha yenu yote. Analolijua kuhusu jino lako ni lile tu aliloletewa. Hilo ndilo chapa ya meno: umbo la meno na fizi lililonaswa kwenye dawa laini ikagandia humo humo kinywani, kama unyayo unavyobaki kwenye udongo mbichi. Wagonjwa wengi husema "kuchukuliwa kipimo", madaktari husema impresheni. Ni kitu kilekile.

Palipo na jino, chapa ina shimo. Fundi hukoroga jasi, akaimimina kwenye mashimo hayo, na ikikauka anabaki na meno yako mkononi. Juu ya meno hayo ya jasi ndipo anapojenga kofia, daraja (meno ya kuziba pengo yanayoshikiliwa na ya jirani), meno ya bandia au kifaa cha kunyooshea meno.

Kwa hiyo kosa la chapa hurithiwa. Tuseme kiputo kidogo cha hewa kilibaki kwenye dawa, sehemu ya kutafunia. Jasi itakijaza, na jino la jasi litaota kinundu ambacho jino lako halina. Fundi akikutanisha meno ya juu na ya chini, kinundu kile kitayazuia yasifungane sawasawa, naye atatengeneza kofia ndefu kuliko inavyotakiwa bila kujua. Kofia ikifika kinywani, kila ukifunga mdomo inakuwa ya kwanza kugusa. Daktari atakupa karatasi ya rangi uing'ate, asage kidogo, uing'ate tena, asage tena. Nusu saa inapotea kwa sababu ya kiputo.

Vipimo vinavyozungumzwa hapa ni vidogo mno. Mwaka 1971 watafiti McLean na von Fraunhofer, baada ya kuchunguza kofia na vijazio zaidi ya 1,000, walipendekeza kwamba ufa kati ya ukingo wa kofia na jino usizidi mikromita 120, yaani milimita 0.12. Hadi leo namba hiyo ndiyo inayotajwa sana. Unywele wa kichwani hauko mbali na hapo. Ufa ukiwa mkubwa, saruji ya kugandishia huyeyuka kidogo kidogo, bakteria huingia, na jino huanza kuoza chini ya kofia, mahali ambapo wewe huoni wala mswaki haufiki.

Ndiyo maana mtu anayeijua kazi hii akishika chapa hahangaiki kwanza na uzuri wa meno yote. Anatafuta mstari mmoja tu: pale daktari aliposimamisha kusaga jino. Kofia inatakiwa kuishia juu ya mstari huo, si kabla, si baada. Balaa ni kwamba mara nyingi mstari wenyewe uko sawa na ufizi au umejificha chini yake, na ufizi uliotoka kuchokozwa na mashine huvuja damu. Daktari hupachika uzi mwembamba kati ya jino na ufizi, mara nyingi umeloweshwa dawa ya kukausha damu, akausubiri dakika chache. Ufizi unasogea. Anautoa uzi, anakausha kwa hewa, kisha anaingiza dawa ya chapa upesi kabla ufizi haujarudi kwake. Akichelewa, au tone la damu likimwahi, mstari unatoka umefifia, na fundi analazimika kukisia.

Dawa nazo zina tabia zake. Aljineti, ule unga unaokorogwa kwa maji, asili yake ni mwani wa kahawia. Ni rahisi na huganda kwa dakika chache, lakini sehemu kubwa yake ni maji: ukiiacha mezani hunywea, ukiitumbukiza majini hufura. Inataka kufunikwa na kitu chenye unyevu na kumiminiwa jasi mapema. Kwa kofia hutumika zaidi silikoni, ambayo aina zake bora hutunza umbo hata kwa siku kadhaa. Ila na hizo zina kisirani chao: salfa iliyo kwenye glavu za mpira wa asili inaweza kuzizuia zisigande, na dawa ikabaki inanata palepale kwenye mstari.

Sasa skana, kifaa kinachochukua chapa kwa picha badala ya dawa. Mfaransa François Duret aliandika juu ya chapa ya mwanga mwaka 1973, na mwaka 1985 huko Zurich, Werner Mörmann na Marco Brandestini wakaanza kumtibu mgonjwa kwa CEREC, mfumo wao wa kupiga picha jino na kuchonga kijazio chake kwa kompyuta. Skana ya leo ni kama mswaki mnene. Inamulika meno, inapiga picha mfululizo, na programu inaziunga hadi meno yako yakaonekana kwenye skrini. Hakuna trei iliyojaa dawa ya kukutia kichefuchefu, na faili halinywei njiani. Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba kosa linaonekana ungali kitini. Penye tundu kwenye picha, daktari anarudia hapo tu.

Lakini skana ni jicho. Haioni kupitia damu, mate wala ufizi, kwa hiyo ule uzi bado uko pale pale. Tena picha zinaungwa moja baada ya nyingine, na kila kiungo kina kosa lake dogo. Kwa meno mawili matatu halisumbui. Ukizunguka taya zima, kuanzia gego la huku hadi gego la kule, makosa hujumlika. Hapo wenye vipandikizi, yaani mizizi ya bandia iliyopachikwa kwenye mfupa wa taya, ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu jino la asili lina nyuzi zinazolishikilia na kuliruhusu kucheza kidogo sana, ilhali kipandikizi kimeshikana na mfupa. Daraja lisilokaa sawa juu yake likikazwa kwa skrubu, mkazo hauna pa kwenda.

Na asiye na jino hata moja ndiye anayeitia skana mashakani kweli kweli: ufizi laini, unateleza, unasogea, hauna alama za kuungia picha. Isitoshe, meno yake ya bandia lazima yashike huku mashavu na ulimi vikicheza. Kwa hiyo madaktari wengi bado humletea trei, na dawa ikiwa inaganda humwambia acheze midomo, ameze mate, atoe ulimi nje.