Pete ya kuchovya haigeuki dhahabu, jamani

Hapa Lamu bado nasikia watu wakisema ati pete ya shaba ikitiwa kwenye dawa na umeme, ndiyo kuchovya, inageuka dhahabu mpaka ndani, si kweli kabisa. Umeme haugeuzi madini, unayahamisha tu. Pete inafungwa waya wa hasi, chembe za dhahabu zilizoyeyuka kwenye ile dawa zinavutwa mpaka juu ya pete zinaganda hapo, na ganda lenyewe mara nyingi halifiki hata maikroni 3 (maikroni moja ni milimita ukiigawa mara elfu), unywele ni mnene mara nyingi zaidi. Ndio maana ukiivaa kila siku na jasho na maji ya chumvi, upande wa kiganja unaanza kuonyesha wekundu wa shaba, usimlaumu sonara kama alikwambia mapema ni ya kuchovya.

Kusafisha shaba nako ni uhamishaji huo huo: bamba chafu la shaba linafungwa waya wa chanya, linayeyuka polepole, shaba inaenda kuganda upande wa hasi ikiwa safi kama asilimia 99.99, ndio ya nyaya za stima. Na utamu uko kwenye tope linaloanguka chini, fedha na dhahabu zilizojificha ndani ya bamba zinabaki kwenye tope hilo, viwandani halitupwi.

Ila tafadhali msijaribu nyumbani, dawa ya kuchovya dhahabu mara nyingi ina sianidi, sumu kali.