Si ndoo ya maji: kusoma ubeti wa Mwana Kupona

*Ndoo mbee ujilisi, na wino na qaratasi.*

Mwanafunzi wangu mmoja aliusoma mshororo huu wa Utendi wa Mwana Kupona akaeleza, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba mama anamwagiza binti yake aweke ndoo mbele yake. Simlaumu. Wengi huusoma hivyo hivyo, na ndiyo maana naandika haya.

Dhana: "ndoo" ni chombo cha maji.
Ni "njoo". Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi huu wa kumwusia binti yake mwaka 1858 kwa Kiamu, lahaja ya Lamu. Pale ambapo Kiunguja, lahaja ya Unguja, kina *nj*, Kiamu kina *nd*: njaa ni ndaa, njia ni ndia. "Mbee" ni mbele iliyodondosha *l*. "Ujilisi" ni uketi, kutoka Kiarabu. Basi mama mgonjwa anamwita mwanawe: njoo mbele ukae, uje na wino na karatasi. Ukiweka ndoo ya maji hapo, unaupoteza mwito wenyewe.

Dhana: "neno lema", katika utendi huu huu, ni kosa la chapa.
Nimeona watu wakilifuta na kuandika "jema". Hiyo *l* ni ile ile ya langu na lile, Kiamu kimeibakiza. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, miaka 70 baada ya utendi. Haiwezekani bibi huyu awe amekosea kanuni ambayo haikuwapo.

Dhana: ipo tahajia moja ya asili, tuitafute.
Tenzi za zama zile ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo alama zake za irabu ni tatu tu: *i* na *e* hugawana moja, *u* na *o* nyingine. Hata qaratasi au karatasi, asa au asaa, ni uamuzi wa aliyenakili kwa hati za Kilatini. (Hiyo "asa", kwa njia, si "sasa" wala "hasa". Ni "huenda": *asa ukazingatia*, huenda ukayashika.)

Ila kuna mahali ambapo tahajia inageuza maana, nami hapo huwa nakaa muda mrefu. Ubeti wa wosia unaanza *Negema wangu binti*, yaani sogea karibu, binti yangu. Kisha wako wanaosoma "mchachefu wa sanati", mwenye miaka michache, na wako wanaosoma "mchachefu hasanati", mwenye mema machache. Sauti moja mwanzoni mwa neno, na binti anakuwa ama mdogo wa umri ama mpungufu wa thawabu. Zote mbili zinaingia katika vina, zote mbili zina mizizi ya Kiarabu, na mzazi Mwislamu angeweza kusema lolote kati ya hayo.

Mimi naegemea miaka. Neno lililotangulia ni "negema", na mama anayemvuta mwanawe karibu kiasi hicho, naona, anautazama udogo wake kabla ya kuhesabu mema yake.