Mguu wajikokota? Maswali kuhusu mashine ya stima na MS

Hivi ndivyo huulizwa kila mara na wagonjwa wangu hapa Mombasa, mimi ni mtu wa fiziotherapi. Mashine yenyewe hutumia stima kidogo kuinua mguu unaojikokota ukitembea.

MS (multiple sclerosis) ni nini?
Kinga ya mwili yashambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, kama mpira juu ya waya wa stima ukibanduka, basi amri ya ubongo haifiki mguuni sawasawa. Si jini.

Mimi naambiwa ni baridi imeingia mguuni, nikandwe na mafuta moto tu?
Hapana. SI BARIDI. Mguu wa MS mara nyingi umekufa ganzi, hausikii moto, nimeshaona malengelenge ya kuungua ambayo mwenyewe hakujua mpaka mtu alipoona shuka imelowa. Tafadhalini, acheni mafuta moto, acheni chupa za maji moto.

Umeanza ghafla tu leo asubuhi, si ningoje kidogo nione?
Usingoje! Mguu ukilegea ghafla yaweza kuwa stroku (kiharusi), nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama uko Likoni na feri ina foleni, panda. Na kama wajulikana una MS na udhaifu mpya umepita masaa 24, mwone daktari, atakupima mkojo pia kwa sababu infekshoni humlegeza mtu wa MS, na huenda akakupa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa neva. Miezi mitatu ya kuchuliwa ndo uje kwangu, jamani, huko ni kujichelewesha.

Lakini kukiwa na joto mimi hulegea, halafu narudi sawa?
Hiyo hutokea sana kwa MS, haswa Februari yetu hii. Ukipoa inatulia. Isipotulia, rudi kwa jibu la juu.

Sasa stima yafanyaje?
Swichi huwekwa chini ya kisigino ndani ya kiatu, ukiinua kisigino mashine yatuma stima kidogo kwenye neva iliyo nje ya mguu chini kidogo ya goti, vidole vyainuka, hujikwai. Wasikia kama visindano. Ukivua, faida kubwa yaisha, na ugonjwa wenyewe haitibu.

Zile mashine ndogo za maumivu za madukani?
Hazijui wapiga hatua saa ngapi, usipoteze pesa. Na mwenye pesimeka, kile kimashine cha kuendesha mapigo ya moyo, asijibandike stima yoyote kabla ya kuongea na daktari.

Yamfaa kila mtu?
La. Neva ya mguu yenyewe ikiwa imeumia, mfano na sindano ya makalio, misuli haiitiki. Twakujaribu kwanza, uje na kiatu cha kufunika kisigino, si champali.