Hakuna "mpango" wa kuingia kundi la dawa

Wiki hii tena. Mama mmoja wa Mtongwe, hapa Mombasa, fomu ya ridhaa ya utafiti wetu wa dawa mpya mkononi, kanisogelea sikioni: "Sista, nifanyie mpango niingie kundi la dawa." Kabla yake aliniomba mjomba wangu mwenyewe, na mzee mmoja wa Kisauni aliyekuja na halua.

Mpango haupo. Kompyuta inagawa watu makundi mawili, la dawa mpya na la kulinganishia, mimi napokea namba tu. Nani yuko kundi gani, daktari hajui, mgonjwa hajui, nami sijui. Halua niliirudisha, shingo upande.

Ya mumiani na kuuza damu nayapita haraka, nimeyachoka. Mililita 5 za damu tunazochukua ni kijiko cha chai. Utafiti hauanzi bila idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukitaka kutoka katikati, toka. Matibabu yako ya kawaida yako palepale. Na nauli tunayokupa ni nauli, si bei ya damu.

Kinachonikera hasa ni neno ambalo fomu zetu zinauita huo mgao wa kompyuta: "bahati nasibu". Kikamusi halina kosa. Lakini nani asikie bahati nasibu asifikirie mshindi na aliyekosa? Basi wa dawa mpya kashinda, mwenzake kaambulia patupu. Halafu tunazidi kuharibu: cha yule wa pili, kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani, tunakiita "dawa bandia", jina lilelile la vidonge feki vinavyonaswa madukani! Hata mimi ningetafuta mpango.

Ila dawa mpya si zawadi. Tungejua inafaa tungekuandikia, ukaenda zako. Chukua watoto wanaofikishwa hospitali na homa kali, damu haizunguki vizuri. Miaka mingi tulifundishwa kuwamiminia maji ya mshipa kwa kasi. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kilifi hapo jirani, Uganda na Tanzania, liliandikisha watoto zaidi ya 3,000. (Wa kuharisha hawakuwemo, msije mkawanyima maji.) Matokeo yalitoka 2011: ndani ya saa 48, waliomiminiwa kwa kasi walikufa karibu 11 katika kila 100, wasiomiminiwa hivyo, 7. Mzazi wa kufanyiwa mpango siku hizo angeomba kundi gani?

Siku hizi nasema "kura", kama ya zamu za chama. Nayo ina kasoro: kwenye chama, wa kwanza ndiye anayecheka.

Kuna jingine silipatii jibu. Mama kama huyu wa Mtongwe, watoto wake nimewachanja mimi, kidonda cha mumewe nimekisafisha mimi. Akisema "sawa, sista", amekubali utafiti au amenistahi tu? Ndiyo maana humwomba kila mtu anieleze mwenyewe alichoelewa.

Mama wa Mtongwe alinieleza vizuri sana: kompyuta inapiga kura, hakuna anayejua, dawa huenda isifae. Nikafurahi. Akachukua mkoba wake, akafika mlangoni, akageuka.

"Lakini anayeiwasha hiyo kompyuta si mnajuana?"