Kikomo cha mirusho katika beseboli: maana yake, na kwa nini kinawakera mashabiki

Kikomo cha mirusho ni idadi ya mipira ambayo mrushaji anaruhusiwa kurusha katika mechi moja kabla kocha hajamtoa. Katika ligi kuu ya beseboli ya Marekani idadi hiyo huzungukia 100, na siku hizi wengi hutolewa hata 90 hawajafika. Kina ndugu yake, kikomo cha ngwe (vipindi vya mechi), ambacho huhesabu msimu mzima: timu inaamua kwamba kijana fulani mwaka huu atarusha ngwe 160, na akifika hapo amemaliza, hata kama timu inaongoza. Kanuni za ligi kuu hazilazimishi lolote kati ya hayo. Ni uamuzi wa uongozi wa timu, yaani meneja mkuu, madaktari, wachambuzi wa takwimu na kocha, kwa hiyo lawama nazo huwaangukia wao.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: mechi ina ngwe tisa, na katika kila ngwe kila timu hupata zamu ya kupiga. Mrushaji husimama juu ya tuta katikati ya uwanja, mita 18 na ushei kutoka alipo mpigaji, na hakuna kinachoanza mpaka yeye arushe. Anayeanza mechi hupumzika siku nne au tano kabla ya kuanza nyingine. Akishatolewa katika mechi, harudi. Ndiyo maana kocha anapoinuka benchini na kuelekea kwenye tuta, uwanja mzima hujua kinachokuja, na mara nyingi zomeazomea huanza kabla hajafika.

Kinacholindwa ni kitu kidogo sana. Upande wa ndani wa kiwiko kuna ligamenti fupi inayouunganisha mfupa wa juu wa mkono na mfupa wa kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja. Mkono ukivutwa nyuma kisha ukafyatuka mbele, kigasha huchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kiwiko hutaka kufunguka kwa ndani. Ligamenti ndiyo inayokizuia kisifunguke. Vipimo vya kitaalamu vimeonyesha kuwa nguvu ya mrusho mmoja wa mchezaji wa kulipwa huzidi uwezo wa ligamenti hiyo ikiwa peke yake. Misuli ya kigasha ndiyo inayobeba kilichobaki. Misuli ikichoka, mzigo hurudi kwenye ligamenti. Hoja ya kuhesabu ilizaliwa hapo: uchovu wa ligamenti hauonekani kwa macho, lakini mipira inahesabika. Ndiyo maana pia timu ikitangaza kwamba mrushaji wake "anahisi kigasha kimekaza", shabiki mzoefu huanza kuhuzunika siku hiyohiyo. Taarifa ni fupi na tulivu, lakini ameshaiona mara nyingi, na anajua mara ngapi imeishia kwenye chumba cha upasuaji.

Upasuaji wenyewe unaitwa Tommy John, kwa jina la mgonjwa wa kwanza. Septemba 1974, daktari Frank Jobe wa Los Angeles alichukua kano kutoka kwenye mkono wa kulia wa Tommy John, mrushaji wa Dodgers anayetumia kushoto, akaipachika kwenye kiwiko cha kushoto kwa kuipitisha katika matundu aliyoyatoboa mifupani. Wengi hawakutarajia arudi. Alikosa msimu wote wa 1975, akarudi 1976, na akaendelea kurusha hadi 1989 akiwa na miaka 46. Alishinda mechi 164 baada ya upasuaji, nyingi kuliko alizoshinda kabla yake. Kilichokuwa cha kubahatisha kikawa cha kawaida. Kupona huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na si wote wanaorudi walivyokuwa.

Kisa kinachoieleza dhana hii vizuri zaidi ni cha Stephen Strasburg wa Washington Nationals. Alikuwa chaguo la kwanza katika usajili wa vijana wa 2009. Juni 8, 2010 alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, dhidi ya Pittsburgh Pirates, akawaondoa wapigaji 14 kwa straiki, yaani mirusho halali ambayo mpigaji hakuipiga ipasavyo; zikifika tatu anatoka. Mji ulichanganyikiwa kwa furaha. Miezi mitatu haikuisha, ligamenti ikachanika, akapasuliwa mwanzoni mwa Septemba.

Alipopata msimu kamili mwaka 2012, meneja mkuu Mike Rizzo alieleza mapema kwamba kijana angesimamishwa kabla ya msimu kwisha. Watu walikadiria ngwe 160 hivi, kwa sababu mwaka uliotangulia mwenzake Jordan Zimmermann, ambaye naye alitoka kwenye upasuaji huohuo, alisimamishwa alipofikisha 161. Kama timu ingekuwa mbovu mwaka huo, hakuna ambaye angejali. Lakini Nationals walishinda mechi 98, nyingi kuliko timu nyingine yoyote ya ligi kuu, na Washington haikuwa imeona mechi za mtoano za beseboli tangu 1933. Strasburg alirusha mara ya mwisho Septemba 7. Alikuwa na ngwe 159 na theluthi, na ushindi 15. Aliambiwa inatosha, na hakuficha kwamba hakupendezwa.

Oktoba 12 ikaja mechi ya tano, ya kuamua, dhidi ya St. Louis Cardinals, nyumbani. Baada ya ngwe tatu Nationals walikuwa mbele 6-0. Katika ngwe ya tisa waliongoza 7-5 na wakabakiza straiki moja tu wavuke. Cardinals wakapata pointi nne, mechi ikaisha 9-7. Strasburg, mrushaji waliyemtegemea kuliko wote, hakuwamo hata kwenye orodha ya kikosi.

Mimi naamini mashabiki wa Washington walikuwa na haki ya kukasirika, ingawa si kwa sababu iliyotajwa zaidi. Kumlinda kijana aliyetoka kupasuliwa lilikuwa jambo jema. Afya ya mtu ni kubwa kuliko kombe. Lakini uongozi ulijua tangu Machi kwamba ngwe zina kikomo. Ungeweza kumchelewesha kuanza msimu, au kumrukisha zamu kadhaa Mei na Juni, ili ngwe zibaki za Oktoba. Walimtumia kama kawaida tangu Aprili mpaka akiba ikaisha wakati wa mavuno. Hesabu ilikuwepo, ila hakuna aliyeilinganisha na kalenda. Hasira ya namna hii si ya kishabiki tu. Ni ya mtu anayeona kwamba waliolipwa kupanga hawakupanga.

Na je, kikomo kilimsaidia Strasburg? Mwaka 2019 aliwapa Nationals taji lao la kwanza la World Series dhidi ya Houston Astros, akatajwa mchezaji bora wa fainali hiyo. Waliomtetea Rizzo walisema mnaona sasa. Desemba hiyo alisaini mkataba wa miaka saba wa dola milioni 245. Baada ya hapo alicheza mechi nane tu. Mkono na bega vilimkatalia, mishipa ya fahamu karibu na shingo ikabanwa, akapasuliwa tena, na mwaka 2024 akastaafu rasmi. Kikomo kinapunguza hatari. Hakimpi mtu mkono mpya.

Uamuzi wa kinyume nao huumiza. Mwaka 2015 New York Mets walikuwa na Matt Harvey, aliyetoka kwenye upasuaji huohuo miaka miwili kabla. Septemba wakala wake, Scott Boras, alipozungumzia kikomo cha ngwe 180, mashabiki walimjia juu Harvey mwenyewe, wakamwona msaliti. Akaendelea kurusha. Novemba 1, mechi ya tano ya World Series dhidi ya Kansas City Royals, alimaliza ngwe nane bila kuruhusu pointi. Kocha Terry Collins alitaka kumtoa. Harvey akakataa, na uwanja mzima ukawa unaimba jina lake. Collins akakubali. Mpigaji wa kwanza wa ngwe ya tisa akapata njia ya bure, yaani alipewa besi ya kwanza kwa sababu mirusho minne ilikwenda nje ya eneo halali, wa pili akapiga mpira mrefu, pointi ikaingia, kisha nyingine. Royals wakashinda katika ngwe ya 12 na kuchukua taji. Msimu huo Harvey alivuka ngwe 210 ukijumlisha mtoano. Mwaka uliofuata alipasuliwa kwa tatizo la neva kama lile la Strasburg, na hakuwa tena Harvey yule. Usiku ule mashabiki hawakuomba kikomo. Waliomba kinyume chake, nami siwalaumu, kwa sababu kumlinda mchezaji dhidi ya mapenzi ya uwanja ni kazi ya uongozi.

Kuna jambo linalozidisha mkanganyiko. Kocha anapomtoa mrushaji mapema, si lazima awe anaulinda mkono. Mwaka 2020, mechi ya sita ya World Series, Kevin Cash wa Tampa Bay Rays alimtoa Blake Snell baada ya mirusho 73, wakati Snell alikuwa amewaondoa wapigaji tisa kwa straiki na anatawala kabisa. Hapo hakuna kiwiko kilichokuwa hatarini. Takwimu husema wapigaji wakimwona mrushaji kwa mara ya tatu katika mechi moja wanaanza kumzoea, na Rays waliifuata takwimu hiyo. Dodgers waliokuwa nyuma 1-0 walifunga mara mbili katika ngwe hiyohiyo na kutwaa taji. Kwa shabiki, kitendo ni kilekile: kocha anatembea, mpira unachukuliwa. Timu hazijitahidi kueleza ni lini zinalinda mkono na ni lini zinacheza karata ya takwimu, kwa hiyo shabiki huona zote ni woga.

Wazee wa mchezo hujibu kwa jina moja: Nolan Ryan. Juni 1974, dhidi ya Boston Red Sox, Ryan alirusha ngwe 13 na mipira inayosemekana kufika 235, na alistaafu 1993 akiwa na miaka 46. Kwa nini vijana wa leo wavunjike kwa 90? Tatizo la hoja hii ni kwamba Ryan ndiye aliyebaki akisimama. Sandy Koufax, mrushaji bora wa zama zake, alirusha ngwe 323 mwaka 1966, akashinda mechi 27, kisha akastaafu mwaka huohuo akiwa na miaka 30 kwa maumivu ya kiwiko. Nyuma ya Koufax kuna wengine wengi ambao mikono yao ilikufa kimya kimya, siku ambazo daktari hakuwa na jina la kuupa ugonjwa wao.

Lakini swali la wazee lina kiini cha kweli, na kwangu hapa ndipo kosa kubwa la uongozi wa timu lilipo. Mirusho imepungua na majeruhi wameongezeka. Desemba 2024 ligi kuu ilitoa ripoti yake yenyewe, iliyotokana na mahojiano na wataalamu zaidi ya 200. Mwaka 2005 warushaji waliingizwa kwenye orodha ya majeruhi mara 212. Mwaka 2024 ilikuwa mara 485. Katika kipindi kinachokaribiana, wastani wa mpira wa kasi ulipanda kutoka maili 91.3 kwa saa mwaka 2008 hadi 94.2 mwaka 2024. Ripoti ilitaja sababu kuu bila kuzunguka: kusaka kasi na mzunguko mkali wa mpira, na kurusha kwa nguvu zote kila mara. Chama cha wachezaji kilikuwa kimelalamikia saa ya kurushia iliyoanza 2023, ambayo inampa mrushaji sekunde 15 za kurusha pasipo mkimbiaji kwenye besi. Ligi ilikataa kwamba ndiyo chanzo.

Mrushaji wa zamani aliyejua atarusha ngwe tisa alijibakiza. Alirusha mipira ya wastani kwa wapigaji dhaifu, akahifadhi nguvu kwa wakati wa hatari. Anayejua atatolewa ngwe ya tano hana sababu ya kujibakiza. Humwaga kila alichonacho kuanzia mpira wa kwanza, na ndicho anachoambiwa afanye. Kikomo cha mirusho kinahesabu mipira bila kujua kila mmoja umerushwa kwa nguvu gani. Uongozi uleule unaomtoa kijana kwenye mpira wa 88 ili kumlinda ndio uliomsajili, ukampandisha na kumlipa kwa sababu kifaa cha kupimia kasi kilisoma maili 98. Shabiki anayepiga kelele kuhusu namba 88 anakasirikia uongozi kwa haki, ila anaelekeza kidole mahali padogo.

Mahali ambapo kuhesabu kuna faida isiyo na ubishi ni kwa watoto. Little League, shirika la beseboli ya watoto, lilianza kutumia kikomo cha mirusho 2007: mtoto wa miaka 11 au 12 harushi zaidi ya 85 kwa siku, na akivuka 65 lazima apumzike siku nne. Kanuni hiyo imeshafika karibu nasi. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Little League World Series huko Williamsport, Pennsylvania, chini ya kikomo hichohicho. Tangu hapo maskauti, yaani wasaka vipaji wa timu, wameanza kuja Uganda, na Pittsburgh Pirates wamemsajili David Matoma, mrushaji wa mkono wa kulia anayejulikana kwa kasi yake.

Kocha wa kijijini anayetaka kuwalinda watoto wake anaweza kuanza na daftari: jina, tarehe, idadi ya mirusho, siku za kupumzika. Aandike pia mipira ya mazoezi, maana kiwiko hakijui kama ilikuwa mechi au la. Na mtoto akisema anaumia upande wa ndani wa kiwiko, apumzishwe siku hiyo, hata kama daftari linasema amerusha 20 tu.