Ukitaka kuijua meli ya ofushoo, angalia nyuma yake

Mnakumbuka Mei 2024 intaneti ilivyozingua Tanzania na majirani zetu? Kila mtu alikuwa analalamikia laini yake ya simu, kumbe nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika, na iliyoenda kuziunga ni meli inaitwa Léon Thévenin, mzee wa kazi aliyejengwa mwaka 1983 na makao yake Cape Town. Inavua waya kutoka chini, inauleta sitahani, mafundi wanaunga, unarudishwa majini. Nafurahi sana watu walipoisikia ile meli, maana wengi wakisikia meli wanawaza makontena au boti ya kwenda Zanzibar basi, wakati kuna ukoo mzima wa meli, tunaziita za ofushoo, ambazo hazibebi mzigo kutoka bandari moja kwenda nyingine, zinaenda katikati ya maji kufanya kazi. Mi ni ofisa wa sitaha kwenye meli hizo.

Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kuangalia nyuma, sio mbele. Ukiona ghorofa zote zimesukumwa mbele na nyuma kuna sitaha ndefu, tambarare, imewekwa mbao, hiyo ni meli ya kupeleka mahitaji, sisi tunaita PSV. Juu inabeba mabomba na makontena, ila mzigo wenyewe uko chini ya miguu yako, matangi ya dizeli, maji, saruji ya unga na lile tope zito la kuchorongea. Ikifika kwenye rigi, yaani mtambo wa kuchoronga visima vya mafuta na gesi baharini, haifungi kamba wala haitupi nanga, inasimama pembeni mita chache tu kwa DP, yaani kompyuta inasoma satelaiti na upepo halafu inaamrisha prapela kubwa na zile za ubavuni tunazoita thrasta, meli inabaki palepale wakati kreni ya rigi inashusha ndoano.

Kuna zile za utafiti zinazovuta nyaya ndefu za kusikiliza mwangwi wa miamba chini ya bahari, kuna meli za kuchoronga zenye mnara katikati, na kuna za kusubiri, kazi yake ni kuzunguka tu karibu na rigi siku nzima. Watu wanaidharau hii ya kusubiri. Jukwaa la Piper Alpha lilipolipuka Bahari ya Kaskazini tarehe 6 Julai 1988 walikufa watu 167, na waliopona wengi waliruka majini wakaokotwa na boti ndogo za uokoaji, zikiwemo za meli ya kusubiri, kwa hiyo mi siidharau.

Halafu kuna Coral Sul, hapo Cabo Delgado, ng'ambo ya mpaka wa Mtwara. Ni kiwanda kinachoelea cha kugeuza gesi kuwa kimiminika, urefu mita 432, kimefungwa kwenye maji ya kina cha kama mita 2,000. Kilijengwa Korea Kusini na kilivutwa na tagi, yaani meli za kuvuta, mpaka Msumbiji, kikafika Januari 2022.

Na hapo kwenye kuvuta na kufunga nanga ndo nataka tukae kidogo, maana ndo kazi yangu. Meli ya nanga, AHTS, ni fupi, pana, ina injini za kutisha na winchi, yaani mashine ya kuvuta na kukunja nyaya, kubwa kama nyumba. Nyuma kabisa haina ukuta, kuna rola nene la chuma ambalo nanga ya rigi inapandia, kuna taya za chuma zinachomoza sitahani zinaung'ata mnyororo, na kuna nguzo za kuuzuia mnyororo usitembee kwenda pembeni. Mnyororo ukikaza husikii kelele kwanza, unasikia mtetemo kwenye nyayo. Siku yangu ya kwanza bosani, mkuu wa mabaharia wa sitaha, alinivuta ovaroli kwa nguvu akaniweka nyuma ya ukuta wa kujikinga, akasema mdogo wangu, huo mnyororo ukihama hauulizi.

Bourbon Dolphin, meli ya Norway, ilikuwa mpya kabisa. Tarehe 12 Aprili 2007, magharibi ya Shetland, ilikuwa inapeleka nanga ya rigi kwenye maji ya mita kama 1,100, ikasukumwa nje ya mstari, nguzo ya ndani ikashushwa, mnyororo ukahamia nguzo ya nje upande wa kushoto, na uzito wote ule ukaanza kuivuta meli kwa ubavu. Ikapinduka. Kati ya watu 15 walikufa 8. Nahodha alikuwa mgeni kwenye meli ile na alikabidhiwa kwa saa moja na nusu tu.

Mi ripoti ya uchunguzi wa ajali hiyo nimeisoma mara nyingi na ndo maana kabla ya kushusha nguzo naomba kwanza pembe ya mnyororo. Kuna safari moja pembe ilikuwa mbaya na mkondo unazidi, nikasema kwenye redio simamisha kazi, tukaulegeza mnyororo taratibu tukaanza upya, tukapoteza saa sita na mwakilishi wa mteja alikasirika sana. Usiku ule tulikaa mesi wote kumi na wanne tukala wali na samaki.